Doa Jekundu Chini ya Gari

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu asome polepole, na wanafunzi wafuate maneno kwa kidole.)

Leo twaacha habari za shamba, twaingia chini ya gari. Wengine wenu ni madereva na matingo. Wengine mna ndugu anayeendesha. Na wengine hulipa nauli ya mizigo tu, lakini nyanya zikioza njiani hasara ni yenu pia.

Habari yenyewe ni hii. Asubuhi unaliondoa gari mahali lilipolala, nawe unaona chini doa la mafuta, jekundu, ukubwa wa sahani. Gari ni pikapu kuukuu, ya gia za otomatiki, iliyoletwa kutoka Japani ikiwa imekwisha tumika. Dereva anatazama, anaongeza nusu chupa ya oili, anaondoka. Kesho doa limekuwa sinia. Anaongeza tena. Mazungumzo yake na fundi mnayajua:

“Fundi, nitilie oili tu, niwahi soko.”

“Kaka, oili inatoka mahali. Tupatafute kwanza.”

“Nikirudi, fundi. Nikirudi.”

Nitaeleza kwa nini fundi ana haki, na kazi yenyewe hufanywaje.

Kwanza tuelewane juu ya gari. Malori mengi makubwa ya zamani yana klachi na gia za mkono. Hayo hayana mabomba ninayotaka kuyasema. Nasema juu ya gari lisilo na klachi, ambalo penye fimbo ya gia pameandikwa herufi P, R, N na D. Someni: P, gari limesimama. R, larudi nyuma. N, gia haikushika. D, lakwenda mbele. Wengi wenu mlizijua herufi hizi kabla ya kujua a, e, i, o, u, kwa kuwa mlizihitaji.

Gia za namna hii si kitu kipya. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuuza motokaa za Oldsmobile zenye giaboksi iliyoitwa Hydra-Matic. Watu waliishangaa, maana mguu wa kushoto haukuwa na kazi tena. Mwaka 1949 kampuni hiyo ikaweka kanuni ya oili ya giaboksi hizo, na mwaka 1967 ikatoa nyingine iitwayo Dexron, jina mnaloliona mpaka leo juu ya chupa madukani. Zamani oili hiyo ilichanganywa hata na mafuta ya nyangumi! Desturi hiyo ilikwisha katika miaka ya 1970, nyangumi walipolindwa kwa sheria. Wekundu wake si wa asili. Ni rangi iliyotiwa ili fundi aitofautishe na oili ya injini.

Sasa, pasipo klachi, nguvu ya injini hufikaje kwenye magurudumu? Chukueni mfano wa feni mbili za mezani. Ziwekeni zitazamane, kisha washeni moja tu. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ya pili, ingawa hazigusani. Mbele ya giaboksi ya otomatiki mna chombo cha mviringo, na ndani yake mna vitu viwili kama feni hizo, lakini mahali pa upepo mna oili. Injini yazungusha cha kwanza, oili yarushwa, nayo yakizungusha cha pili. Tena oili hiyo hiyo, ikisukumwa na pampu, ndiyo inayobana sahani zilizo ndani ili gia ishike. Kwa hiyo oili hapa si ya kulainisha tu kama katika injini. Hapa oili ndiyo klachi, ndiyo mkono unaobadili gia.

Oili ikirushwa namna hiyo hupata moto mwingi. Ikikaa na moto wake huungua, huwa ya kahawia na kunuka kama mkaa. Ndiyo sababu waundaji wameweka mabomba mawili membamba ya chuma, unene wake karibu na kidole kidogo cha mtoto, kutoka kwenye giaboksi mpaka kwenye rejeta. Bomba moja laipeleka oili. Ndani ya tangi la rejeta, chini au ubavuni, mna kijibomba kilichozungukwa na maji. Oili hupita humo ikapoa, kama vile mama anavyolipoza kopo la uji kwa kulitia katika beseni la maji. Kisha bomba la pili huirudisha. Karibu na rejeta, mara nyingi, mabomba hayo huungwa kwa vipande vya mpira ili mtikisiko wa injini usiyavunje.

Basi penye mabomba haya ndipo pikapu kuukuu inapovuja. Tope hujazana nyuma ya klipu inayoshika bomba kwenye chasisi, bomba likala kutu mahali usipopaona. Au klipu imekatika, bomba likasuguana na chuma kwa miaka mpaka likatoboka. Au mpira umekauka kwa joto ukapasuka kama kisigino cha mtu asiyejipaka mafuta. Au nati ya rejeta imelegea.

Fikirini dereva anayechukua nyanya Ilula kuzipeleka Dar es Salaam. Lazima ateremke Kitonga. Dereva mwenye akili huteremka kwa gia ndogo, ili injini ilizuie gari na breki zipumzike. Lakini oili ikipungua, sahani hazibanwi, gia haishiki, na injini hailizuii gari tena. Zabaki breki peke yake, nazo juu ya mteremko mrefu hushika moto zikadhoofika. Akirudi, amepakia saruji, apanda mlima ule ule: injini yanguruma, gari haliendi. Hapo oili kidogo iliyobaki yachemka, na giaboksi yafa kwa muda mfupi. Tena oili ikinyunyizika juu ya ekzosi yenye moto yaweza kuwaka. Thamani ya mpira mmoja na klipu zake ni ndogo sana ukiilinganisha na giaboksi.

Haya, tuanze kazi. Usikimbilie spana. Jua kwanza kama ni oili gani inayovuja, kwa maana vitu vyekundu chini ya gari viko zaidi ya kimoja. Maji ya rejeta yenye dawa huweza kuwa mekundu. Chovya kidole, usugue, kisha udondoshe tone juu ya karatasi ya gazeti. Oili hubaki na alama ya mafuta inayopitisha nuru, maji hukauka. Usukani wa magari mengi nao hutumia oili nyekundu ile ile, kwa hiyo tazama kikopo cha oili ya usukani kama kimepungua. Usiku tandika boksi lililokunjuliwa chini ya gari, na asubuhi utazame tone liko wapi: chini ya rejeta, katikati, au chini ya giaboksi yenyewe.

Lakini msidanganywe na mahali palipolowa. Gari likienda, upepo huisukuma oili nyuma, na uzito wake huivuta chini. Tundu liko mbele na juu ya pale unapoona matone. Osha mabomba yote kwa maji ya sabuni na brashi, yakauke, washa injini, kisha utazame kwa tochi tangu rejeta mpaka giaboksi. Tazama kwa macho, usipapase kwa mkono. Oili hiyo yaweza kukuunguza, na feni haina huruma na kidole wala mkono wa shati.

Ukishapaona, zima injini, uache gari lipoe. Kabla ya kuingia chini, weka gari mahali tambarare penye udongo mgumu, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu kwa vipande vya mti mbele na nyuma. Ukiinua kwa jeki, usiingie mpaka umeweka chini ya chasisi stendi za chuma au magogo mapana yaliyokatwa sawa. Tofali hupasuka pasipo taarifa. Jeki peke yake ni ya kubadilia gurudumu, si ya kulalia chini yake. Nasema hivi kwa ukali kwa kuwa si mafundi wote waliopuuza neno hili walio hai.

Weka karai safi chini. Oili itakayotoka uipime, kwa sababu baadaye utataka kujua kiasi cha kurudisha. Hiyo ya zamani usiirudishe.

Ikiwa kilichoharibika ni mpira tu, una bahati. Fungua klipu, ukate mpira wa zamani kwa urefu bila kulikwaruza bomba, uuvue. Nenda nao dukani ukanunue mwingine wa tundu lile lile. Hapa ndipo kusoma kunapokulipa. Mpira wa maji na mpira wa oili hufanana kwa sura, wote weusi. Lakini mpira wa maji ukipata oili huvimba ukawa laini kama muwa uliotafunwa, nao hupasuka. Mpira wa kweli wa kazi hii huandikwa ubavuni mwake. Tafuta maneno TRANSMISSION OIL COOLER. Ndiyo ya kupozea oili ya giaboksi. Hujui Kiingereza? Haidhuru. Yaandike maneno hayo katika daftari lako, uende nayo, ulinganishe herufi kwa herufi. Muuzaji akisema, “Wote ni sawa, mzee,” mwonyeshe daftari.

Mwisho wa bomba la chuma una mfupa mdogo, uvimbe unaolizunguka bomba. Uvimbe huo ndio unaouzuia mpira usichomoke. Sukuma mpira uupite uvimbe, uingie kiasi cha sentimeta 3, kisha uweke klipu nyuma ya uvimbe, si juu yake. Kaza mpaka mpira uanze kubonyea, uache hapo. Klipu ikiukata mpira, umejitengenezea tundu jipya.

Ikiwa chuma chenyewe kimeoza, ndipo watu hufanya mambo ya ajabu. Wengine hufunga kwa mpira wa tyubu. Wengine hupaka sabuni ya kipande, kwa kuwa waliona ikiziba tangi la petroli. Sabuni katika bomba lenye oili ya moto huyeyuka kama siagi. Wengine huyakata mabomba yote mawili na kuyaunganisha karibu na giaboksi, ili oili isifike kwenye rejeta kabisa. Kweli gari haliwi na doa tena! Lakini oili haipozwi, na kwa gari la mizigo huo ni mwanzo wa mwisho. Ukinunua pikapu kuukuu, chungulia kwanza kama mabomba yafika kwenye rejeta.

Dawa ya haki ni bomba jipya. Chukua waya mnene, uukunje kufuata njia ya bomba la zamani, kona kwa kona. Huo ni kielelezo chako. Nunua bomba la chuma la unene ule ule, au lile la shaba iliyochanganywa na nikeli, ambalo halili kutu na hukunjika kwa urahisi. Shaba tupu iache kwa mafundi wa friji; mtikisiko wa gari huifanya ngumu, kisha hukatika. Likunje bomba polepole ukilizungusha juu ya kitu cha mviringo. Likibonyea kwenye kona, oili itapita kwa shida, basi kata uanze tena. Ingiza nati kwanza, ndipo upanue mdomo wa bomba kwa chombo chake. Ukipanua mdomo kwanza, nati hazitaingia, nawe utasikia kicheko cha wanafunzi wako. Funga bomba kwa klipu mahali pale pale lilipofungwa zamani, mbali na ekzosi, na palipo na msuguano uweke kipande cha mpira kati ya bomba na chasisi.

Kama fedha haitoshi leo, na uozo ni wa mahali padogo, waweza kukata kipande kibovu mpaka ufikie chuma kizima, ukasafisha ncha kwa tupa, ukazitengenezea uvimbe, ukaziunga kwa kipande kifupi cha mpira wa oili na klipu kila upande. Hayo ni matengenezo ya kukufikisha nyumbani na ya siku chache, si ya mwaka.

Nati ya kwenye rejeta yataka adabu. Siku moja kabla, ipake mafuta ya kulainisha kutu. Unapoifungua, tumia spana mbili: moja ishike mdomo uliotokeza kwenye rejeta usigeuke, ya pili igeuze nati. Ukitumia spana moja tu, mdomo wa rejeta hugeuka pamoja na nati, nacho kile kijibomba cha ndani hupasuka. Unapoirudisha, ianze kwa vidole. Ikikataa kwa vidole, usiilazimishe kwa spana, imeingia upogo. Wala usizungushe ule utepe mweupe wa mafundi wa maji. Mdomo wa chuma hukaza wenyewe, na vipande vya utepe vikiingia katika giaboksi huziba njia nyembamba za oili.

Usafi hapa ni wa chumba cha mgonjwa. Bomba likiwa wazi, lizibe kwa nailoni safi na uzi. Usitumie pamba wala tambara linalonyonyoka.

Kisha jaza oili. Someni jina kwenye chupa: ATF. Herufi tatu tu, lakini kuna ATF za aina nyingi, na kila gari lina yake, iliyoandikwa katika kitabu cha gari au kwenye kijiti cha kupimia. Linganisha. Rudisha kiasi kile ulichopima katika karai, kwa faneli safi. Washa injini, kanyaga breki, peleka fimbo ya gia taratibu toka P mpaka mwisho na kuirudisha P. Chungulia mabomba. Ni makavu? Basi endesha kilometa chache gari lipate joto, urudi mahali tambarare.

Sasa soma kijiti. Katika magari mengi husomwa injini ikiwa inanguruma polepole na gia ikiwa P. Machache yana kanuni nyingine, na kitabu chake kitasema. Kichomoe, ukifute, ukirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena. Utaona alama mbili zenye maneno. HOT maana yake moto. COOL au COLD maana yake baridi. Gari likiwa limepata joto, oili iwe kati ya alama za HOT. Dereva asiyejua kusoma huona alama mbili tu. Akiipima oili ya moto kwa alama za baridi, atamwaga iliyo nzuri, au ataacha pungufu. Ikizidi nayo ni mbaya, kwa maana hupigwa ikawa povu, na povu halibani sahani. Ongeza kidogo kidogo.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Pengine oili hupungua na chini hapana doa. Ngoja rejeta ipoe kabisa, ufungue kifuniko. Ukiona ndani kitu kama maziwa yaliyotiwa sharubati ya waridi, na kwenye kijiti cha giaboksi rangi ni hiyo hiyo, basi kijibomba cha ndani ya rejeta kimepasuka, na maji na oili vimekutana. Hapo usiliwashe gari, hata kwenda gereji ya jirani. Maji hubandua utando uliogandishwa kwa gundi juu ya sahani za giaboksi. Livutwe kwa kamba, magurudumu yanayoendeshwa na injini yakiwa yameinuliwa au shafti imefunguliwa. Rejeta ibadilishwe, na oili yote ya zamani isafishwe, mabomba na giaboksi pia. Kadiri ulivyoliendesha kidogo, ndivyo tumaini linavyokuwa kubwa.

Oili ya zamani itieni katika dumu lenye kifuniko, si mtaroni, wala karibu na kisima. Na katika daftari lako la gari andika leo mistari mitatu: tarehe, kilometa zinazoonekana kwenye saa ya gari, na lita ulizotia. Usiku tandika boksi chini ya gari tena. Kesho, kabla ya kupakia, lichukue boksi hilo ulitazame kwenye nuru ya jua. Likiwa kavu, kaza klipu zako robo ya mzunguko kama zimelegea baada ya joto la jana, kisha nenda zako Ilula.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji.